Kula Kikoa: Jinsi Tovuti ya Mashabiki Inavyodumu kwa Bajeti Finyu

Uwanja wa Kinoru mjini Meru uliandaa sherehe za kitaifa za Madaraka mwaka 2018, na Uwanja wa Moi mjini Embu ukaziandaa mwaka 2023. Siku hizo mbili zimehifadhiwa vyema magazetini, katika kumbukumbu za runinga na katika majalada ya serikali. Hata hivyo, katika viwanja hivyo hivyo, na katika vile visivyo na majukwaa kule Nkubu, Maua, Runyenjes na Siakago, huchezwa kila mwaka mechi nyingi za ligi za chini ambazo gazeti la kitaifa haliwezi kuzitengea hata mstari mmoja. Ni nani aliyefunga bao la pili? Kipa yule aliyeokoa penalti mbili alitoka shule gani? Majibu ya maswali kama hayo huwa vichwani mwa mashabiki tu. Wakiyaandika mahali, hubaki. Siku hizi mahali hapo aghalabu ni tovuti ndogo inayotunzwa na watu wachache wasiolipwa, na tovuti hiyo ikizimika, msimu mzima wa soka huzimika pamoja nayo kwa kuwa haukuandikwa kwingine.

Makala haya yanaeleza namna tovuti ya aina hiyo inavyoweza kudumishwa pale ambapo mfuko ni mwepesi. Hoja yake kuu ni kwamba ukubwa wa gharama si ndio unaoziua tovuti za mashabiki. Gharama yenyewe ni ndogo, pengine ndogo kuliko ya kukodi matatu moja ya kuibeba timu kutoka Embu hadi Meru kwa ile barabara ya kupitia Chuka. Kinachoziua ni kuwa fedha hizo kidogo hutakiwa siku maalumu, kwa njia maalumu, kutoka kwa mtu mmoja ambaye siku hiyo hana kitu, au amesahau, au amehitimu na kwenda zake.

Ili maelezo yasielee hewani, uchukuliwe mfano wa kubuni. Kuna kikundi cha mashabiki arobaini. Baadhi yao ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu na wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichoko Nchiru. Wengine ni walimu, waendeshaji bodaboda na wenye maduka. Tovuti yao ina matokeo ya mechi, picha, wasifu wa wachezaji na masimulizi ya wazee waliocheza zamani. Husomwa na watu kama mia nne kwa siku, na siku ya fainali idadi hiyo huongezeka mara kumi.

Fedha huenda wapi

Mwenye tovuti hulipia mambo matatu: jina, nafasi na mkondo.

Jina ndilo anwani inayoandikwa na msomaji ili afike. Nchini Kenya majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KENIC tangu mwaka 2002, na huuzwa kupitia kwa mawakala wake. Tangu mwaka 2017 mtu anaweza kusajili jina linaloishia na .ke moja kwa moja, bila kupachika .co au .or katikati. Ada ya jina hulipwa kila mwaka na kwa kawaida ni ndogo, shilingi elfu moja hivi kwa majina ya .co.ke. Istilahi inayotumiwa na wataalamu wengi kwa jina hili ni kikoa, na neno hilo lastahili kutuliwa kidogo. Katika kamusi za zamani za Kiswahili, kikoa ni chakula kinacholiwa kwa ushirika na kupikwa kwa zamu: leo nyumba hii, kesho ile. Watu wanaofanya hivyo husemwa kwamba wanakula kikoa. Maana hiyo kongwe inaieleza tovuti ya mashabiki vizuri kuliko ile mpya, na haja yake itaonekana mbele.

Nafasi ni sehemu ya seva. Seva ni kompyuta kama kompyuta nyingine, ila hairuhusiwi kulala. Mwanafunzi mjuzi anaweza kuuliza kwa nini kompyuta kuukuu iliyo chumbani mwake bwenini isitumike. Inaweza, kwa majaribio. Lakini itahitaji umeme usiokatika na kiungo cha intaneti kisichobadilisha anwani yake kila kukicha. Mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yote yamo katika Mto Tana mpakani mwa Mbeere, yakizalisha sehemu ya umeme wa nchi. Hata hivyo Mbeere yenyewe haikusalimika Agosti 2023 wakati sehemu kubwa ya nchi ilipoingia gizani. Kwa hiyo watu hukodi. Wanaokodi nafasi ya pamoja, ambapo tovuti nyingi hukaa katika seva moja, hulipa kidogo sana. Wanaokodi seva pepe, yaani kipande cha seva kinachojitegemea kama nyumba ndani ya ploti, hulipa zaidi lakini huamua wenyewe programu zipi zikae ndani yake.

Mkondo ndio unaowachanganya wengi, ingawa wakazi wa miteremko ya Mlima Kenya wana sababu ya kuuelewa upesi. Miradi ya maji ya mserereko huteka maji mtoni huko juu karibu na msitu, huyajaza kwenye tangi, kisha huyaachia yashuke kwa bomba hadi mabomani. Tangi linaweza kuwa kubwa na bado wa mwisho kwenye laini akose maji, kwa sababu bomba ni jembamba, au kwa sababu jirani mmoja wa juu ameacha mpira wa kunyunyizia maji shambani usiku kucha. Nafasi kwenye seva ni tangi. Mkondo ni bomba. Mashabiki wanapotafuta mahali pa kukodi, huuliza ukubwa wa tangi pekee. Kisha siku ya fainali mtu anapandisha video ya dakika tisini, nao waliokuja kutazama matokeo tu wanafungua bomba na kusikia hewa ikivuma.

Uzito wa ukurasa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo fedha nyingi zaidi huokolewa bila mtu kutoa hata senti.

Chukua wasomaji wale mia nne. Kila mmoja akifungua kurasa tano kwa siku, hizo ni kurasa elfu mbili. Ikiwa ukurasa mmoja una uzito wa megabaiti 3, seva itatoa gigabaiti 6 kwa siku na gigabaiti 180 kwa mwezi. Megabaiti 3 si uzito wa ajabu: picha moja iliyotoka kwenye simu bila kupunguzwa huweza kuwa na 4. Sasa ukurasa huo upunguzwe hadi kilobaiti 300. Hesabu ya mwezi inashuka hadi gigabaiti 18. Habari ni zile zile, mabao ni yale yale, ila bomba limepata nafuu ya mara kumi.

Kupunguza huko hakuhitaji elimu ya juu. Picha iliyopigwa kwa upana wa pikseli elfu nne haina faida yoyote kwenye skrini ya simu. Ikipunguzwa hadi upana wa pikseli mia nane na kuhifadhiwa upya, kwa kawaida hubaki na kilobaiti mia moja hivi. Picha ya asili ihifadhiwe kando, nje ya seva, kwani siku moja mtu atataka kuichapa. Maandishi nayo hubanwa na seva kabla ya kutumwa na kukunjuliwa na kivinjari cha msomaji, na kazi hiyo huanzishwa kwa mstari mmoja au miwili ya maagizo katika programu ya seva. Video zisiwekwe kabisa katika seva ya kukodi. Ziwekwe katika huduma kubwa za video ambazo zina mabomba yake, na tovuti ibaki na kiungo tu. Mapambo yanayocheza-cheza, herufi za kigeni zinazopakuliwa kutoka mbali, na vibao vya kuhesabu wageni vyote vina uzito, na ni nadra msomaji kuja kwa ajili yavyo.

Faida ya pili ya wepesi huu humwendea msomaji, na kwa maoni ya makala haya hiyo ndiyo kubwa zaidi. Shabiki wa Kiritiri au wa Mikinduri anayesoma kwa simu hulipia kila megabaiti. Kurasa tano nzito zimemla megabaiti 15. Zile nyepesi zimemla moja na nusu. Tovuti nzito kwa hiyo hulipiwa mara mbili, na kikundi kinachotoa na msomaji anayepokea. Mhariri anayepandisha picha kubwa bila kufikiri anatumia mfuko wa watu ambao hajawahi kuwaona.

Historia ya intaneti nchini inaonyesha kwamba mazoea haya yana mizizi. Kabla ya mwaka 2009, karibu mawasiliano yote ya Kenya na ulimwengu yalipitia kwenye setilaiti. Setilaiti za aina hiyo huelea kilomita elfu 36 hivi juu ya ikweta. Ombi la msomaji wa Embu lilipanda huko, likashuka Ulaya au Marekani ilikokuwa seva, kisha jibu likapanda na kushuka tena. Safari hiyo ya kilomita 144,000 hula karibu nusu sekunde hata kwa mwendo wa mwanga. Ukurasa wenye faili arobaini ulikuwa adhabu, hata kama kivinjari huomba faili kadhaa kwa pamoja. Katika saiba za Nairobi za katikati ya miaka ya 2000 bei iliyozoeleka ilikuwa shilingi moja kwa dakika, na nje ya jiji mara nyingi ilizidi hapo. Msomaji alilipia hata ule muda wa kukodolea macho skrini nyeupe. Ajabu zaidi, hata barua pepe ya kutoka kampuni moja ya intaneti ya Nairobi kwenda kwa nyingine ya mtaa wa pili ilizunguka ng'ambo kwanza. Kituo cha kubadilishana mawasiliano humu nchini, KIXP, kilifunguliwa Novemba 2000, kikafungwa mwezi uliofuata kwa amri ya tume ya mawasiliano baada ya Telkom Kenya kulalamika kwamba kinaingilia haki yake ya pekee, na kikarejea mwanzoni mwa 2002. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilizofika mwaka 2009 zilipunguza adha ya umbali. Hazikuondoa bei ya megabaiti.

Jambo la mwisho kuhusu uzito linahusu ubongo wa seva. Tovuti nyingi za mashabiki huendeshwa kwa programu huria zinazounda ukurasa upya kila unapoombwa: programu huenda kwenye hifadhidata, huuliza matokeo, huyapanga kwenye kiolezo, kisha humtumia msomaji. Msomaji wa pili akiomba ukurasa ule ule sekunde moja baadaye, kazi yote hurudiwa kana kwamba ya kwanza haikufanyika. Ni sawa na mama mboga anayekwenda sokoni Gakoromone kila anapokuja mteja mmoja. Siku ya kawaida seva huvumilia. Siku ya fainali watu elfu nne huomba jedwali moja la matokeo kwa dakika chache, hifadhidata huzidiwa, na tovuti huanguka wakati ule ambapo inahitajika kuliko siku zote. Dawa yake ni nakala ya muda: ukurasa ukishaundwa mara moja, huwekwa tayari na kugawiwa vivyo hivyo kwa dakika tano au kumi kabla ya kuundwa upya. Kwa kurasa za misimu iliyopita, ambazo hazibadiliki tena, programu haina haja ya kuitwa kabisa. Zigeuzwe kuwa faili tuli na zikae zilivyo. Seva ndogo sana inaweza kugawa faili tuli kwa maelfu ya watu bila kutokwa jasho.

Kuna wageni wengine pia ambao si watu. Roboti za kukusanya data hupita katika tovuti usiku na mchana, na tangu kampuni za akili unde zianze kutafuta maandishi ya kufunzia mashine zake zimeongezeka kwa kasi. Taasisi ya Wikimedia ilieleza mwaka 2025 kwamba mkondo unaotumiwa kupakua picha na video zake ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 50 tangu Januari 2024, na kwamba chanzo kilikuwa roboti zaidi kuliko binadamu. Tovuti ndogo huweza kuziwekea tangazo la kuzikataza, ila tangazo hilo hutegemea adabu ya anayelisoma. Zisizo na adabu huzuiwa kwa kuwekewa kikomo cha maombi kwa dakika. Inafaa msimamizi akague rejista ya seva mara moja kwa mwezi kabla ya kuamini kwamba wasomaji wameongezeka na kwamba kikundi kinahitaji seva kubwa zaidi.

Makao ya bure

Yuko atakayeuliza kwa nini watu wajisumbue kulipa ilhali yapo makao ya bure. Swali ni halali, na jibu lake limo katika historia ya GeoCities. Huduma hiyo ilianza mwaka 1994 na kununuliwa na Yahoo mwaka 1999. Ilimpa mtu yeyote nafasi ya kujenga kurasa bila malipo, na mashabiki wa kila kitu chini ya jua walihamia humo: wa waimbaji, wa timu, wa filamu, wa magari. Oktoba 2009 Yahoo iliifunga huduma hiyo kwa wateja wake wa Marekani na kwingineko, na kurasa zisizohesabika zikaondolewa. Kiasi fulani kiliokolewa na watu wa kujitolea na Internet Archive, hifadhi iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996. Wenye kurasa hawakuwa na la kudai, maana hawakuwa wapangaji, walikuwa wageni. Padogo pako si pakubwa pa mwenzako.

Mashabiki wa hadithi za kubuni walichukua njia nyingine. Mwaka 2007 waliunda chama kisicho cha faida, Organization for Transformative Works, na Novemba 2009, mwezi mmoja tu baada ya GeoCities kufungwa, wakafungua kwa umma hifadhi yao iitwayo Archive of Our Own. Jina lenyewe ni tamko la umiliki. Hifadhi hiyo haina matangazo ya biashara; seva zake zilinunuliwa kwa michango ya watumiaji, na kazi hufanywa na watu wa kujitolea. Mwaka 2019 ilipata tuzo ya Hugo. Ukubwa wake haulinganiki na tovuti ya soka ya Meru na Embu, lakini kanuni ni moja: wanaoitumia ndio wanaoilipia, na wanaoilipia ndio wenye ufunguo.

Wanafunzi wana makao mengine ya bure, nayo ni seva za chuo. Tangu mwaka 1999 mtandao wa KENET umekuwa ukiviunganisha vyuo vya Kenya, na chuo chenye seva huweza kukipa chama cha wanafunzi pembe yake. Ni msaada wa kushukuriwa. Ila chuo hubadilisha mifumo yake kwa mahitaji yake, na ukurasa wa chama ambacho viongozi wake wamehitimu ndio huwa wa kwanza kufagiliwa.

Nani ana ufunguo

Mfano ulio karibu na moyo wa mwanafunzi wa Kiswahili ni ule wa Kamusi, mradi wa kamusi hai ya Kiswahili kwenye intaneti. Ulianzishwa mwaka 1994 na Martin Benjamin alipokuwa Chuo Kikuu cha Yale, na ukakuzwa na wapenzi wa lugha waliojitolea kuongeza na kurekebisha maingizo. Ulipotoka chini ya mwavuli wa Yale, ulilazimika kutafuta fedha mahali pengine, na tangu hapo suala la nani atalipia seva halikuuacha. Kazi ya watu wengi iliendelea kuning'inia kwenye juhudi za mtu mmoja wa kutafuta wafadhili.

Upo pia mfano wa Mashada, tovuti ya mazungumzo ya Wakenya iliyoendeshwa na David Kobia akiwa Marekani. Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, matusi na uchochezi ulizidi uwezo wa wasimamizi, naye akaifunga kwa muda. Mwezi huo huo alikuwa miongoni mwa walioijenga Ushahidi. Mashada inakumbusha kwamba saa za binadamu nazo zimo kwenye bajeti. Kikundi chenye wasimamizi wawili wasiolala hakipaswi kufungua milango ambayo kinahitaji askari kumi kuilinda. Kinaweza kuchapisha matokeo na picha na kupokea masahihisho kwa barua pepe, nacho kikawa kimetimiza kazi yake.

Basi kirejelewe kile kikundi cha watu arobaini. Chukua ada ya seva pepe ndogo kuwa dola 5 kwa mwezi, yaani dola 60 kwa mwaka. Mwanzoni mwa 2022, dola ilipokuwa kama shilingi 113, hizo zilikuwa shilingi 6,780. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160 na ada hiyo hiyo ikawa shilingi 9,600. Mwishoni mwa mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi shilingi 129 hivi, na ada ikawa 7,740. Seva haikukua wala kupungua. Ni shilingi iliyoyumba. Anayekodi ng'ambo anapaswa kupanga bajeti kwa bei ya mwaka mbaya. Hata katika mwaka ule mbaya, ukiongeza shilingi elfu moja ya jina, jumla ni 10,600, ambayo kwa watu arobaini ni shilingi 265 kwa kila mtu kwa mwaka mzima. Mawakala wa Kenya hutoza kwa shilingi na hupokea M-Pesa, na hilo huondoa kikwazo cha kadi ya benki ambayo wanafunzi wengi hawana.

Ugumu uliobaki ni wa mpangilio, na hapa Meru na Embu hazina la kuazima kwa mtu. Watu waliozoea chama cha mzunguko, kikundi cha kahawa au mradi wa maji wanajua kwamba mchango hukusanywa kabla ya siku ya kuhitajika, kwamba mwekahazina si katibu, na kwamba daftari husomwa mbele ya wanachama. Kinachoshangaza ni kuwa watu hao hao wakianzisha tovuti husahau yote hayo na kumwachia kijana mmoja "anayejua kompyuta". Jina husajiliwa kwa barua pepe yake ya binafsi. Nenosiri la seva analijua yeye. Arifa ya kwamba ada inakaribia kuisha huja kwake, labda katika anwani ya chuo iliyofungwa alipohitimu. Anapata kazi Mombasa, anabadilisha laini ya simu, na siku moja mashabiki wanaandika anwani ya tovuti yao na kukuta tangazo la biashara la mtu mwingine.

Kikundi kinachotaka kudumu husajili jina kwa anwani ya kikundi, si ya mtu. Hulipia jina kwa miaka miwili au mitatu mbele pale fedha zinapopatikana, kwa sababu jina likipotea huweza kuchukuliwa na mwingine, ilhali seva ikikatwa huweza kukodiwa nyingine kesho. Neno la siri huandikwa na kuwekwa kwa watu wawili wasioishi nyumba moja, mmoja Meru na mwingine Embu ikiwezekana. Kusajili kikundi kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 hurahisisha kufungua akaunti isiyo ya mtu binafsi. Majina na namba za simu za wanachama nazo zisiachwe ovyo kwenye seva, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haiwasamehe wadogo. Na zamu iwepo: mwaka huu Nchiru wanatunza seva na Embu wanakusanya fedha, mwaka ujao wanabadilishana, ili pasiwe na mwaka ambapo mtu mmoja tu ndiye anayejua kupika.

Nakala

Seva yoyote huweza kuharibika, na kampuni yoyote huweza kufunga akaunti kwa kosa au kwa haki. Nakala ya tovuti nzima, yaani faili zote pamoja na hifadhidata, ichukuliwe kila wiki wakati wa msimu na iwekwe mahali pasipokuwa seva hiyo hiyo. Nakala inayokaa ndani ya seva inayolindwa ni sawa na ufunguo wa akiba uliofungiwa ndani ya nyumba. Tena ijaribiwe mara moja kwa mwaka kwa kuifungua katika kompyuta nyingine, maana wapo waliogundua siku ya msiba kwamba kwa miezi minane walikuwa wakihifadhi faili tupu.

Ikitokea kwamba wanachama wamechoka kweli kweli na hawataki kuendelea, bado upo utaratibu. Kurasa zote zigeuzwe kuwa faili tuli zisizohitaji hifadhidata wala programu. Anwani ziwasilishwe kwa Internet Archive, ambayo huchukua nakala ya ukurasa bila malipo kupitia Wayback Machine, huduma iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001. Nakala moja ya faili hizo, pamoja na zile picha za asili zilizowekwa kando, ipelekwe katika maktaba ya chuo kimoja cha eneo hilo ikiwa kwenye diski yenye maelezo ya maandishi: ni nani waliopiga picha, ni mechi zipi, ni miaka ipi. Maelezo hayo yaandikwe kabla watu hawajatawanyika, kwani anayemtambua kipa aliyesimama wa tatu kutoka kushoto katika picha ya Runyenjes huenda ni mmoja tu.